Siku ya wageni, mama alikaa ng'ambo ya barabara

Barua hii kwa Mama, anayejibu barua za wasomaji, imetoka Lubumbashi, Kongo; jibu lake linafuata chini yake. Tumeondoa mambo machache ambayo yangeweza kumtambulisha aliyeiandika. Mengine yote tumeyaacha kama alivyoyaweka.

Jambo sana, Mama,

Nina miaka 23, niko mwaka wa tatu chuoni, ninasoma kilimo. Ninakaa homu, yaani bweni la chuo, vijana watatu katika chumba cha mmoja. Nakwambia hivyo ujue kwamba sina hata mahali pa kukaa peke yangu nikawaza, ndiyo maana barua hii nimeiandika katika ngazi za maktaba.

Tuna kikundi cha wanafunzi, watu 18, kilichoanzia katika kwaya ya parokia. Prezida wetu ni msichana ninayempenda, na nyumbani kwao wananijua. Mwezi wa pili alileta wazo la safari: siku kumi Zambia, mwezi wa nane, kutembelea makao matatu ya watoto yatima kule Kitwe na Ndola. Tutavuka mpaka wa Kasumbalesa kwa basi la kukodi. Kila kituo tutakaa siku mbili, tutacheza na watoto, tutawafundisha nyimbo, tutapaka rangi kuta, kisha tutateremka hadi Livingstone kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya, yale yanayoitwa pia Victoria, ndipo turudi. Wote walipiga makofi. Na mimi nilipiga.

Mimi ndiye mweka hazina. Kila mmoja anatoa dola 150, hiyo ni 2,700. Parokia imetuchangia 600. Jumla 3,300. Basi linakula 1,200, malazi na chakula chetu 1,100, fulana zenye jina la kikundi na bango 180, Livingstone 400. Za watoto zinabaki 420: sabuni, madaftari, pipi na mipira. Hesabu hiyo niliiandika kwa mkono wangu usiku, umeme umekatika, nikaitazama mpaka mshumaa ukaisha.

Sasa nikueleze kile ambacho kikundi hakijui. Nililelewa katika makao kama hayo, hapa hapa Lubumbashi, kuanzia miaka sita hadi 15. Baba alikuwa mchimbaji wa kienyeji, shimo lilimfunika upande wa Kolwezi. Mama akabaki na sisi wawili, mimi na mdogo wangu wa kike, akiuza kalembula, yale majani ya viazi vitamu, katika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi. Hakututupa. Alisikia kuna nyumba ambako mtoto anakula mara mbili kwa siku na anasoma bila kulipa. Alitupeleka kwa mkono wake, akasema ni kwa muda.

Wageni walikuwa wanakuja sana mwezi wa saba na wa nane. Wengi walikuwa wanafunzi, wengine kutoka Ulaya, wengine wa hapa hapa mjini. Siku moja kabla tulinyolewa. Asubuhi stoo ilifunguliwa, mablanketi yenye maua yakatolewa na kutandikwa. Jioni magari yakishaondoka tuliyakunja, yakarudi stoo. Tulikuwa na wimbo wa kukaribisha. Hadi leo nikisikia watoto wanaupiga mdundo ule, tumbo linanikaza.

Mama alikuwa anakuja Jumapili moja kwa mwezi. Lakini Jumapili ya wageni wazazi waliambiwa wasionekane, maana mgeni akimwona mama atauliza huyu ni yatima gani. Mara moja habari haikumfikia, akaja. Mlinzi akamzuia. Nilimwona kupitia tundu la geti: amekaa ng'ambo ya barabara chini ya mwembe, mfuko wa mikate ya kukaanga mapajani, anangoja. Wakati ule ule dada mmoja mgeni, mwanafunzi, alikuwa amechuchumaa mbele yangu ananifunga kamba za viatu. Akamwomba mkalimani aniulize mama yangu yuko wapi. Nikasema amekufa. Ndivyo tulivyofundishwa kujibu. Nilikuwa na miaka minane. Yule dada alilia, akanikumbatia, akasema mwaka ujao atarudi. Zile kamba sikuzifungua siku nne. Nililala na viatu, nikiogopa kwamba nikizifungua sitajua kuzifunga tena kama yeye. Hakurudi.

Mdogo wangu yeye gari lolote likiingia alikuwa anakimbia na kumshika miguu mtu asiyemjua. Wageni walimpenda kwa hilo. Leo ana miaka 19, na mwanamume yeyote akimwambia maneno mawili matamu anamfuata. Sisemi chanzo ni kile. Nawaza tu.

Lakini pia, Mama, mgeni mmoja, mzee, alinilipia masomo hadi nikapata diploma ya Serikali, ile ya kumaliza sekondari. Bila yeye ningekuwa shimoni kama baba.

Mwezi uliopita nilimweleza prezida wetu, yeye peke yake, tena nusu: kwamba nililelewa kituoni na kuna mfadhili aliyenisomesha. Akalia kwa furaha, akasema, "Basi wewe ndiwe ushahidi wenyewe." Sasa anataka Jumapili ya mwisho ya mwezi nisimame kanisani nitoe ushuhuda kabla ya mchango wa pili. Ameshamwambia paroko.

Nikikataa, nitatoa sababu gani? Nikisema ukweli wote, safari itakufa na pesa za watu zimeshalipiwa basi. Nikienda na kunyamaza, na mimi nitachuchumaa mbele ya mtoto wa mtu na kumfunga viatu. Na nisikufiche: nataka kwenda. Sijawahi kuvuka Kasumbalesa. Nataka kuyaona yale maji.

Kuna jambo moja nimeliacha la mwisho kwa sababu linaniumiza. Nilipoanza kuzungumza na huyu msichana niliponyokwa na lile jibu la zamani, kwamba wazazi wangu wote wawili wamekufa. Mama yuko, anakaa Katuba, mtaa wa hapa hapa mjini. Siku msichana alipomwona, nilimtambulisha kama shangazi yangu. Mama aliniangalia, akanyamaza, akamkaribisha vizuri na bukari, yaani ugali, akampikia. Hadi leo anamwita shangazi.

Mweka hazina, Lubumbashi

Mwanangu mweka hazina,

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nilisimama kwenye zile kamba za viatu. Wewe umeniuliza habari ya safari. Umefanya vizuri, na nitakujibu. Lakini umefunga mafundo kadhaa kwa uzi mmoja, na naona la safari ndilo jepesi kuliko yote, kwa hiyo nianze nalo.

Unachokikumbuka kwa tumbo, wengine wamekipima kwa miaka mingi. Mwaka 2000 watafiti kutoka Marekani walianza kufuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa katika makao ya mjini Bucharest, Romania. Nusu walipelekwa kulelewa katika familia, nusu waliendelea na malezi kama kawaida. Wale waliopata familia walikua vizuri zaidi, kichwani na moyoni, hasa waliotoka makaoni kabla ya kufika miaka miwili hivi. Na katika mambo yaliyoonekana sana kwa watoto wa makao ni lile la mdogo wako: mtoto kumkimbilia mtu asiyemjua kana kwamba ni ndugu yake. Mgeni anaona upendo. Mtoto mwenyewe amezoea tu mikono inayobadilika, anaishika ile iliyo karibu. Hapo lakini nikuombe kitu. Usimfanyie mdogo wako uchunguzi kwa maneno yangu. Wasichana wengi wa miaka 19 waliolelewa na mama na baba mezani pamoja wanafuata maneno matamu vile vile, nami ninawajua kadhaa.

Mataifa nayo yamelizungumza. Mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulipitisha miongozo ya malezi ya watoto wasio na uangalizi wa wazazi, na ndani yake kuna neno ambalo ningependa mama yako asomewe: umaskini peke yake usiwe sababu ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa. Mwaka 2019 Baraza Kuu lilirudi kwenye jambo hilo, na safari hii likataja waziwazi madhara ya watu wanaokwenda kujitolea katika makao ya yatima, pamoja na yale yanayofungamana na utalii. Australia ilipokuwa inatunga sheria yake ya 2018 juu ya utumwa wa kisasa ililitambua hata tendo la kukusanya watoto makaoni ili kuwavuna wafadhili. Kule Nepal walipatikana watoto waliotolewa vijijini na kuandikiwa karatasi za uyatima huku wazazi wao wakiwa hai, kwa sababu wageni walikuwa wanataka yatima wa kuwatembelea. Soko likiwapo, bidhaa hutafutwa. Neno baya hilo juu ya watoto, najua.

Sisemi kwamba vituo vya Ndola na Kitwe viko hivyo. Sivijui, wala wewe huvijui, na hilo ndilo swali la kwanza ningeliweka mbele ya kikundi. Mmechaguaje hivyo vitatu? Kuna mtu aliyeuliza watoto wangapi kati yao wana mzazi aliye hai? Wazazi wanaruhusiwa kuja lini, na mkiwa ninyi mmo ndani wataruhusiwa? Nani atabaki na watoto siku ya tatu? Hayo ni maswali ya mweka hazina, mwanangu. Huhitaji kufungua kidonda chako ili uyaulize. Mtu yeyote anayeshika pesa za watu ana haki ya kujua zinakwenda wapi. Zambia ina sheria yake ya watoto ya mwaka 2022 na ina maofisa wa ustawi wa jamii, na katika kikundi chenu hawakosekani wanaojua Kibemba, hivyo simu ya kuulizia haihitaji mkalimani. Shida yake ni kwamba kituo kinachotegemea wageni kitawajibu vizuri sana. Barua haioni nyuma ya geti. Lakini jinsi mtu anavyolikasirikia swali nayo ni jibu.

Umeniandikia kwamba ukisema ukweli safari itakufa. Nani amekuambia? Watu 18 wameshalipia basi, si wimbo wa kukaribishwa. Basi linaweza kwenda Ndola kwa shughuli nyingine. Mnaweza kukutana na wanafunzi wenzenu wa kule, mkalala kwao, wakaja kwenu mwaka ujao. Mnaweza kwenda moja kwa moja kuona maji ya Livingstone kwa pesa zenu wenyewe. Hilo si dhambi, hata kidogo. Kijana wa Lubumbashi kutaka kuona Mosi-oa-Tunya ni jambo zuri, na ingekuwa vizuri zaidi kama lingesemwa hivyo bila kufunikwa na watoto. Hapo zile 600 za parokia zitabidi zirudishwe au ziombewe matumizi mengine mbele ya watu, na wapo watakaosema mmewadanganya, na mmoja atasema wewe ndiye uliyeroga safari. Jiandae.

Njia ya katikati, ya kwenda makaoni lakini bila kugusa watoto, mkapaka rangi tu, nimeifikiria pia. Inaonekana safi. Ila mwezi wa nane shule za Zambia nazo zinakuwa likizoni, watoto watakuwa pale pale wanawazunguka na makopo ya rangi, na sioni mtu wa kumwambia mtoto wa miaka mitano asimpande mgongoni mgeni. Tena mafundi wa Ndola wapo. Ukuta mmoja ni ujira wa siku chache kwa baba wa mtu fulani.

Na kwenda hivyo hivyo na kunyamaza? Usiikatae haraka. Labda wewe ndiye mtu pekee ndani ya basi lile anayejua kwamba mtoto haahidiwi mwaka ujao. Lakini jiulize kama utaweza. Siku zile mbili hutakuwa na miaka 23 peke yake. Utakuwa pia na minane, na hakuna atakayejua kwa nini umetoka nje wakati watoto wanaimba.

Wahenga walituachia kwamba mgeni ni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Nimecheka peke yangu nilipoikumbuka kwenye barua yako, kwa sababu mpango wenu ni siku mbili kwa kila kituo, mnaondoka kabla ya jembe.

Nami nisijifanye mtakatifu. Miaka mingi nilikuwa katika kundi la akina mama waliokwenda na sabuni na sukari kwenye nyumba ya watoto kila Noeli, vitenge vya aina moja, picha mbele ya mlango. Mwaka mmoja sista aliyekuwa pale akatuambia kwa upole: asanteni, sasa njooni Jumanne mnisaidie kumenya kalembula. Tulikuwa 14. Jumanne tulifika watatu. Baadaye tukabaki wawili, na kusema kweli mara nyingine nilikwenda kwa kuona haya tu. Kazi yenyewe haina utamu wowote, unakaa kwenye kigoda, unavuta ule uzi wa vikonyo, vidole vinakuwa vyeusi. Lakini mtu anayemenya kalembula husahaulika, na mbele ya mtu aliyesahaulika watu huzungumza. Ndivyo nilivyosikia kwamba kijana mmoja alikuwa na nyanya yake Ruashi, mahali pa kufika kwa taksi-basi moja. Miaka yetu yote ya sukari haikutuonyesha yule nyanya.

Basi, yule mzee wako. Hapa sitakwepa, kwa sababu hapa ndipo hoja yangu inapochechemea. Asingekuja siku ya wageni asingekuona, na asingekuona asingekusomesha. Prezida wenu ana sehemu yake ya ukweli. Mimi ningemwuliza tu: kiasi kile kile kingemfikia mama yenu pale mezani pake sokoni, mngekuwa wapi leo? Pengine mngelala nyumbani na kusoma hapo hapo mtaani. Pengine zingekwenda kwenye deni na ugonjwa na msingesoma kabisa. Watu maskini pesa zao zina wenyewe wengi. Hatujui. Nchi jirani ya Rwanda tangu 2012 iliamua kujaribu njia hiyo ya kurudisha watoto kwa ndugu au kuwapatia familia za kuwalea, na iliwafikia wengi, lakini kazi ile inataka wafanyakazi wa kufuatilia nyumba kwa nyumba, haiishi kwa kumshusha mtoto mlangoni. Unachoweza kukiweka moyoni bila kungoja jibu ni kwamba kumshukuru mzee hakukulazimishi kulishukuru geti. Mtu anaweza kula chakula cha nyumba na bado akakumbuka nani alizuiwa nje.

Ushuhuda ni habari nyingine kabisa, na naona umeuchanganya na safari kwa sababu wote wameuchanganya. Safari ni ya watu 18. Maisha yako ni yako. Unaweza kuunga mkono safari na kukataa kusimama kanisani. Unaweza pia kusimama kanisani na kuikataa safari. "Sitaweza" ni jibu lililokamilika hata paroko akiwa ameshaambiwa. Tena usimhukumu msichana haraka kwamba amekutumia. Umempa nusu ya faili, na ile nusu aliyopewa inasema kile kile alichokisema yeye.

Ukisimama na kusema yote, je? Wapo watu wangesaidika, siwezi kukana. Lakini neno likitoka kanisani asubuhi, mchana limefika Katuba. Kile kituo, kama bado kipo, kina watoto ndani ambao maisha yao yatazungumzwa kwa maneno yako. Mdogo wako naye yumo katika hadithi hiyo na hajaulizwa. Na atakuwapo mama fulani kwenye benchi la nyuma, aliyempeleka mwanawe mahali kama pale kwa mkono wake, ambaye atasikia kila neno kama lake. Sikwambii unyamaze. Nakuhesabia tu walio ndani ya basi hilo, na si 18.

Nifike kwa mama yako.

Ulipomwambia mgeni kwamba mama amekufa ulikuwa mtoto wa miaka minane, na maneno yale yaliwekwa kinywani mwako na mtu mzima aliyekuwa anaendesha nyumba kwa uongo huo. Huna deni. Ungeniambia hilo tu ningekubembeleza na kukuambia ulale. Lakini shangazi ni wa juzi, mwanangu, ni wa kwako wewe ukiwa na ndevu, na najua unajua, ndiyo maana ulimweka mwisho.

Sidhani kwamba ulimwonea mama haya. Unisahihishe kama nakosea. Nadhani uliona haya kueleza kwa nini mtoto mwenye mama alikuwa pale. Yatima huhurumiwa, watu husema hadeki, wanamwekea nafasi. Mtoto aliyepelekwa na mama yake huulizwa maswali. Ukachagua jina lisiloulizwa.

Lakini kuna siku inakuja, kama huyu msichana ndiye. Watu wa kwao wataita watu wa kwenu. Atakayekaa pale kuzungumza mahari atakaa kama nani? Shangazi anaweza kukaa, ndiyo, mashangazi wana nafasi yao. Je, mama yako atakaa pale akiitikia jina la wifi yake mpaka wajukuu wazaliwe?

Ukimwambia msichana, anaweza kuumia. Si kwa habari ya kituo. Kwa habari kwamba amekula bukari ya mama mkwe mara ngapi sijui bila kumwamkia inavyostahili. Anaweza kuondoka. Anaweza pia kuielewa ile hesabu yako ya dola 420 kwa mara ya kwanza, akawa yeye anayebadilisha safari, kwa sababu msichana anayeweza kupanga watu 18 hadi Livingstone hashindwi kupanga upya. Ukikaa kimya, atasikia kwa mwingine. Katuba si mbali. Kitu kimoja ningekiogopa: asikie kwako mbele ya kikundi, katikati ya mabishano ya pesa. Akisikia hapo, ukweli wako atauona kama fimbo tu ya kumpigia.

Ila kabla yake yeye kuna mtu mwingine. Umeandika kwamba mama alikuangalia akanyamaza. Wewe umeusoma ukimya ule kuwa ni maumivu, na huenda ni kweli. Huenda pia alikuwa anafanya kile alichofundishwa na lile geti, kwamba mbele ya wageni wa mwanawe asionekane. Huenda aliona umefika mbali na akaogopa kukuharibia. Sijui, na nadhani hata wewe hujui, kwa sababu sioni popote katika barua yako kwamba mmewahi kuzungumza. Hujaniambia kama anajua habari ya Zambia. Hujaniambia anaionaje ile siku.

Na kuna jambo dogo linanisumbua tangu niiweke barua yako chini. Mama alikuwa na mfuko wa mikate mapajani, anangoja magari yaondoke. Magari yaliondoka. Mablanketi yakakunjwa. Wewe ukalala na viatu. Hukuandika kama mlinzi alifungua, kama aliingia, kama ile mikate mliila. Ama hukumbuki, ama hukuwahi kujua. Yeye anajua. Nenda Katuba jioni moja usiyo na haraka, umwulize, na ukipenda uniandikie alichokujibu.